UZI: Fox Kids, kutoka saa 19 kwa wiki hadi jina kufutika. Tulioijulia kwenye mkanda "kwa Njomba" Mtwara, tukutane hapa

Mwana wa Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Mtwara.

Uzi huu nimeuweka kiporo miaka mingi. Wiki iliyopita tulikuwa tunasafisha stoo ya marehemu mjomba pale Chikongola, nikakuta boksi la kanda za video. Nyingi zimeota ukungu. Mmoja niliutambua kabla hata ya kufuta vumbi, maana kasha lake lina ufa pembeni na siku lilipopata ufa nilikuwepo. Ubavuni pameandikwa kwa wino, mwandiko wa mtu nisiyemjua: FOX KIDS, yaani vile vipindi vya watoto vya mtandao wa TV wa Fox, Marekani.

Mliokulia Mtwara miaka ya tisini mnajua umeme wetu ulivyokuwa. Majenereta ya dizeli, leo upo, kesho haupo. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa bado imelala chini. Antena ya mjomba haikushika kituo chochote cha Dar. Ila alikuwa na jenereta lake dogo, deki moja, TV ya inchi 21 na kibanda umiza cha kuonyeshea video ambacho mtaa mzima ulikiita "kwa Njomba". Madirishani aliweka magunia ya korosho kuzuia mwanga. Ukikaa benchi la ukutani unatoka na vumbi la katani mgongoni, mama anajua ulikokuwa kabla hujafungua mdomo.

Mwaka 1996 jirani yetu baharia alirudi na mkanda huo. Nduguye anayeishi Marekani alikuwa ameurekodi moja kwa moja kwenye TV ya nyumbani kwake, akaacha kila kitu, na matangazo humo humo. Ndiyo maana sisi tulilijua jina Fox Kids. Wenzetu waliona Power Rangers, kile kipindi cha mashujaa watano wa kofia na mateke, kwenye kanda za kununua, sisi tuliona na alama ya kituo ikiruka kati ya kipindi na kipindi, mpaka tukaanza kuichora kwa mkaa ukutani.

Tatizo lilikuwa rangi. TV za Marekani zilitumia mfumo wa NTSC, picha ya mistari 525. Vifaa vyetu vilikuwa vya PAL, mistari 625. Deki ya Njomba ilijitahidi kuusoma mkanda, lakini TV ikatoa picha nyeusi na nyeupe. Sasa fikirieni: kipindi ambacho mashujaa wake wanatofautishwa kwa rangi za nguo, sisi tunakiona kijivu kitupu. Baharia alituambia kiongozi wao ni mwekundu. Yupi? Mimi nikashikilia ni yule mwenye pembe kwenye kofia. Rafiki yangu wa benchi la mbele akashikilia ni yule mwenye meno. Tukapigana kweli kweli, mkanda ukaanguka toka mezani, kasha likapasuka. Njomba akatufungia Jumamosi mbili.

Jumamosi alasiri ilikuwa yetu watoto. Kiingilio shilingi 20. Usiku wanaingia wakubwa.

Nimekuja kuisoma historia ya Fox Kids ukubwani, na nimeona niiweke hapa kwa sababu kilichowakuta watoto wa kule ndicho kilichotukuta sisi Chikongola. Nashuka na sehemu ya pili muda si mrefu.

Korosho Daraja la Kwanza

Nipo siti ya mbele mkuu. Kwa Njomba nilikuwa naingia kwa kubebea maji ya jenereta. Pumzika kwa amani mzee wetu.

Mwana wa Chikongola

Shukrani mkuu. Tuendelee.

Fox kama mtandao wa TV ilianza 1986, ikawakuta mitandao mikubwa ya ABC, CBS na NBC imeshagawana nchi. Vituo vilivyorusha vipindi vyake vingi havikuwa mali yake. Yalikuwa makampuni mengine, kila moja mji wake, yaliyokubali kwa mkataba kupokea vipindi vya Fox. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mwaka 1988 Disney ikanunua kituo Los Angeles, ambacho baadaye kiliitwa KCAL. Ikaamua katuni zake, DuckTales ikiwemo, zihamie huko na kuondoka KTTV, kituo cha Fox mji huo huo. Barry Diller, mkuu wa Fox, akakasirika. Akaamua Fox iwe na vipindi vyake yenyewe vya watoto. Ndivyo ilivyozaliwa Fox Children's Network, iliyoanza tarehe 8 Septemba 1990, baadaye jina likafupishwa kuwa Fox Kids. Siku mbili tu baada ya hapo Disney nayo ikaanzisha The Disney Afternoon, saa zake za katuni za alasiri. Disney huyu muwekeni akiba.

Uzuri wa Fox Kids ni kwamba iliundwa kama ubia. Vile vituo washirika vilikuwa na fungu lao kwenye mapato. Kwa hiyo mwenye kituo alipowapa watoto alasiri yake, alikuwa analima shamba lenye jina lake. Walianza na nusu saa siku za shule na saa tatu Jumamosi. Kufikia 1992 zilikuwa saa 19 kwa wiki: saa tatu kila siku ya shule, nne Jumamosi asubuhi. Ndani ya miaka miwili!

Na walimpata mtu. Margaret Loesch alitoka Marvel Productions, na kabla ya hapo Hanna-Barbera. Akiwa Marvel alihangaika kuwauzia wenye mitandao katuni ya X-Men, wakamkatalia. Akahangaika pia na vipindi vya Kijapani vya Super Sentai, vya mashujaa wa kofia na nguo za rangi, wakamkatalia tena. Alipokalia kiti cha Fox Kids, vitu alivyonyimwa yeye akavipa mlango. Batman: The Animated Series ikaanza Septemba 1992. X-Men ikaonekana mara ya kwanza tarehe 31 Oktoba mwaka huo, kwa kuchelewa, maana michoro ilikuwa bado haijakamilika. Binafsi namheshimu sana huyu mama. Kubeba wazo miaka yote hiyo na kulipa nafasi siku unapopata uwezo, wengi wakishapanda wanasahau.

Upande mwingine kulikuwa na Haim Saban, mzaliwa wa Alexandria, Misri. Aliiona Super Sentai akiwa hotelini Japani miaka ya themanini, akazunguka nayo Marekani karibu miaka minane bila mnunuzi. Akili yake ilikuwa hii: mapigano wakiwa wamevaa kofia, chukua picha za Toei, watengenezaji wa Super Sentai, zilizopigwa Japani, wakivua kofia, piga picha mpya na vijana wa Marekani. Kofia inaficha sura, gharama inashuka. Loesch akakubali. Power Rangers ikaanza tarehe 28 Agosti 1993. Krismasi ya mwaka ule midoli yake iliisha madukani.

Hapo ndipo Fox Kids ilipofika kileleni. Mkanda wetu umetokana na miaka hiyo.

Mwalimu wa Newala

Nashukuru kwa uzi wenye nyama. Ila tusipite haraka kwenye suala la mateke. Mimi ni mwalimu wa msingi. Watoto wakishaona vile vipindi mapumziko yanakuwa ulingo. Na si mimi tu: mwaka 1994 New Zealand waliiondoa Power Rangers hewani, na Kanada malalamiko ya wazazi yakakifanya kituo kimoja kikubwa cha watoto kuisimamisha. Je, haikuwa sababu ya kuanguka?

Mwana wa Chikongola

Mwalimu wangu, nakubali hoja ya mapumziko, mimi mwenyewe ni shahidi na kasha limepasuka. Ila kwa Fox Kids haikuwa hivyo. Lawama zile zilikuwa 1994, na ndio wakati mapato yalikuwa yanapaa. Kuanguka kulianzia mahali ambapo hakuna mtoto aliyekuwa anatazama.

Desemba 1993 Fox ilinunua haki za kuonyesha mpira wa Marekani, NFL, kwa dola bilioni 1.58 kwa miaka minne. CBS waliokuwa nao tangu enzi wakabaki mikono mitupu. Ukishakuwa na mpira unahitaji vituo vyenye nguvu. Mei 1994 Fox ikaingia mkataba na kampuni ya New World, iweke dola milioni 500, na vituo 12 vihamie Fox. Vingi vilikuwa vya CBS, na desturi yao ilikuwa habari. Alasiri na jioni ni habari na vipindi vya wakubwa, basi. Walipoambiwa wapokee na Fox Kids, wengi wakakataa. Fox Kids ikaenda kuhemea vituo vidogo vya miji hiyo, vya picha hafifu, huku kituo kikubwa cha Fox mjini hapo hakina hata katuni moja.

Mnaona? Mpira uliingia mlango wa mbele, watoto wakatolewa wa nyuma. Na hao wageni hawakuwa na ule moyo wa ubia wa 1990. Kwao mtoto alikuwa gharama.

Naomba niseme la kwetu. Njomba alinunua dishi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dishi kubwa la waya, tulisaidiana kulipandisha juu ya bati kwa kamba za katani. Wiki ya kwanza tulidhani ni letu. Jumamosi ya pili kukawa na mechi ya mapema ya Uingereza, wanaume wakajaa toka saa tisa, shilingi 200 kichwa. Sisi wa shilingi 20 tukasimama nje. Kuna tundu kwenye gunia, tulikuwa tunapokezana jicho. Ndani wanashangilia goli, mdogo wangu anauliza, katuni zitaanza saa ngapi? Hazikuanza tena. Njomba hakutufukuza na wala hakutangaza. Alipiga hesabu ya mafuta ya jenereta, ikamshinda. Simlaumu, alilea watoto saba kwa kibanda kile. Lakini iliniuma, na mpaka leo nikipita pale inaniuma.

Binti wa Mtanda

Kaka, hapo kwenye tundu la gunia umenitoa machozi. Huku Lindi ilikuwa vile vile. Sisi wasichana ndio kabisa, mpira ulipoingia hata mlangoni hatukukaribia tena.

Mdau wa Ving'amuzi

Mkuu unaipa NFL uzito mkubwa mno. Mimi naona waya ndio uliiua, yaani TV za kulipia za kebo. Nickelodeon ilikuwepo, Cartoon Network ikaanza tarehe 1 Oktoba 1992. Hawa wanarusha katuni asubuhi mpaka usiku. Mtoto mwenye Cartoon Network nyumbani atasubirije Jumamosi? Halafu Warner, waliotengeneza katuni za Animaniacs na Batman, nao wakaanzisha vipindi vyao vya watoto, Kids' WB, Septemba 1995, wakamchukua Animaniacs wao, baadaye na Batman. Fox Kids ilikuwa imejenga nyumba kwa matofali ya kuazima.

Mwana wa Chikongola

Mdau, hilo la matofali ya kuazima nalichukua lilivyo. Umesema kweli, na lilifanya wategemee kitu kimoja, Power Rangers. Sisi watu wa Kusini tunajua maana ya kutegemea zao moja. Bei ya korosho ikiyumba, Tandahimba nzima inalala na madaftari ya madeni.

Februari 1999 Kids' WB wakapata Pokémon, katuni ya Kijapani. Jumamosi ikatekwa. Fox Kids wakajibu na Digimon Agosti mwaka huo, kipindi kizuri tu, ila kilikuja nyuma. Na wakati huo Loesch hayupo, aliondoka 1997.

Ila kuhusu waya nitakupinga kidogo. Fox na Saban waliuona. Waliunganisha nguvu, na 1997 wakainunua The Family Channel kwa dola bilioni 1.9, kituo kilichotokana na mhubiri Pat Robertson. Agosti 1998 wakakiita Fox Family. Kilikuwa na masharti mazito, kipindi cha dini cha Robertson lazima kiendelee kurushwa, na hakikuwahi kujua kiwe cha watoto au cha wazazi. Fedha nyingi, akili ikagawanyika.

Na sasa yule wa akiba. Mwaka 2001 Disney ikakinunua kituo hicho pamoja na mali za Saban, Power Rangers ndani, kwa dola kama bilioni 5.3 ukijumlisha na madeni. Kampuni iliyosababisha Fox Kids izaliwe kwa kuhamisha DuckTales, miaka kumi na moja baadaye ndiyo imebeba vyombo vya ndani.

Vile vituo washirika vikaomba alasiri yao irudi. Mwisho wa Desemba 2001 vipindi vya siku za shule vikakatwa. Jumamosi ikabaki peke yake mpaka tarehe 7 Septemba 2002, jina Fox Kids likafutika Marekani. Fox ikapangisha saa zile kwa kampuni ya 4Kids, kwa takribani dola milioni 25 kwa mwaka. Nayo ikaondoka tarehe 27 Desemba 2008. Mnajua kilichowekwa badala yake? Saa mbili walirudishiwa wenye vituo, saa mbili zikawa matangazo ya kulipia ya kuuza bidhaa. Saa ambayo mtoto aliamka mapema akiwa na kanzu ya kulalia kumwona Wolverine wa X-Men, sasa mtu mzima anauziwa sufuria.

Mwalimu wa Newala

Hapa nimekuelewa. Nimefuta hoja yangu nusu. Na sheria? Nilisoma kwamba Marekani wana sheria ya vipindi vya watoto.

Mwana wa Chikongola

Ipo, Mwalimu. Sheria ilitoka 1990, na tangu 1997 kila kituo kilitakiwa kuonyesha saa tatu kwa wiki za vipindi vya kufundisha watoto. Fox Kids waliweka The Magic School Bus, iliyokuwa imetoka PBS, mtandao wa TV wa umma. Lakini sheria iliweka kiwango cha chini, na wenye vituo wengi wakakifanya ndio mwisho wao.

Korosho Daraja la Kwanza

Na nchi nyingine? Nilikuwa na binamu Uingereza aliyeniambia Fox Kids aliiona kwao miaka ya baadaye.

Mwana wa Chikongola

Sahihi. Nje ya Marekani jina liliishi zaidi kidogo. Kuanzia 2004 Disney wakabadilisha kuwa Jetix, na 2009 Jetix nayo ikaanza kupisha Disney XD. Power Rangers ilimrudia Saban 2010, akaiuza kwa kampuni ya midoli ya Hasbro 2018 kwa dola milioni 522. Kipindi kiliendelea mpaka 2023. Nyumba ndiyo ilikuwa haipo.

Binti wa Mtanda

Mimi nataka kuongeza la leo. Nina mapacha wa miaka sita. Wao wanaiona Ubongo Kids, imetengenezwa na Watanzania, ilianza TBC1 Januari 2014, mafumbo ya hisabati kwa Kiswahili. Wanaimba mpaka jikoni. Sisi hatukuwa na sauti yetu kwenye kioo, tulikuwa tunabuni maneno ya wale Rangers wenyewe. Ila ombi langu kwa wenye vituo vya nyumbani: Jumamosi asubuhi iachieni watoto, isiguswe hata kama mdhamini wa mpira amebisha hodi.

Mwana wa Chikongola

Dada, hilo ombi naliwekea sahihi kwa mikono miwili. Kila nilichoandika juu nilikuwa natafuta namna ya kulisema.

Fundi Deki Masasi

Wakuu, samahani nimechelewa, mtandao huku ulikuwa chini. Mwana wa Chikongola, huo mkanda usiutupe na usiuweke kwenye deki yoyote! Ukungu utachafua hedi na kukata utepe. Ninayo deki ya mifumo yote, PAL, NTSC na SECAM, bado inafanya kazi. Njoo nao Masasi. Nitaufungua kasha, niusafishe kwa mkono taratibu. Sitaki hela.

Mwana wa Chikongola

Fundi, Mungu akubariki. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi.

Mwana wa Chikongola (siku nne baadaye)

Nimerudi wakuu.

Fundi aliutoa utepe akauweka kwenye kasha jipya, akaupitisha kwenye kitambaa laini polepole, akiugeuza kwa kidole. Saa mbili nzima, hakuna aliyezungumza. Kasha la zamani lenye ufa nimelibeba mfukoni.

Alipobonyeza, kwanza mistari, halafu theluji, halafu picha ikasimama. Rangi. Ile alama tuliyoichora kwa mkaa ikaruka mbele yangu ikiwa na rangi zake, nikajikuta nimesimama. Tangazo la nafaka za asubuhi. Tangazo la midoli. Kisha wakatokea wote watano kwa mstari.

Nimempigia rafiki yangu wa benchi la mbele, siku hizi yuko Nachingwea, ana duka la pembejeo. Nikamwambia, yule wangu mwenye pembe kumbe ni bluu.

Akanyamaza. Nikasikia mteja anamuuliza bei ya salfa, hakumjibu.

"Na yule wangu, wa meno?"

Nikamwambia wako ndiye mwekundu.